Shangazi kanikatalia kukata hata mti mmoja. Kwa nini watu wa milimani wanajaza miti kwenye vishamba vidogo?

#1 Mjukuu wa Kihamba (Kimara)

Wakuu, habari za jioni.

Nimerudi juzi kutoka nyumbani Marangu, Kilimanjaro, nilikaa wiki mbili kwa shangazi. Eneo lake halifiki eka moja na nusu. Humo humo kuna nyumba, banda la ng'ombe wawili, migomba, kahawa iliyozeeka, na miti. Migrivea imezunguka mpaka wote. Katikati ya kahawa kuna mifuruanje mitatu mikubwa, kuna mringaringa, kuna msesewe karibu na mfongo (mfereji wa maji), miparachichi, na mingine siijui jina hata kwa Kichaga. Ukisimama mlangoni huoni nyumba ya jirani.

Nilimshauri tukate nusu, tuongeze migomba na mboga. Nilishamtafuta mpaka mtu wa msumeno. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, miti hii huijui." Basi. Akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Swali langu ni hilo. Mtu mwenye ardhi finyu, tena ya mteremko, anapata nini kwa kuweka mti pahali pa chakula? Naomba wanaotoka huko waseme, nadharia tunazo nyingi.

#2 Fundi Kenchi (Buguruni)

Mkuu, jibu liko hapa Buguruni kwenye mbao. Mimi nanunua miti ikiwa imesimama, miaka kumi na sita sasa. Kila Januari simu hailali. "Fundi, nina miti minane, njoo uione." Ukiuliza kuna nini, ni ada, sare, au mtoto amefaulu kuingia kidato cha kwanza kapangiwa mbali. Mwezi wa nne simu zinapungua. Mwezi wa kumi na mbili hakuna anayeuza, watu wana furaha.

Ule mti ni akiba. Haulipi makato, hauibiwi mfukoni, na ndugu hawezi kukukopa mti. Shangazi yako hakukatai, anakuambia hajafikwa na shida.

#3 Mbena wa Tegeta

Naunga mkono #2 kwa mfano wa kwetu. Baba alipanda misindano eka mbili mwaka 1998, Njombe vijijini huko. Mwaka 2010 ikavunwa, nikaingia chuo. Mdogo wangu ada yake ilitoka kwenye visiki hivyo hivyo, maana baba alipanda tena mvua zilizofuata. Kwetu mtoto akizaliwa watu wanauliza umepanda mingapi.

Fundi, usiseme tu akiba, sema pia mnavyotulalia bei.

#4 Fundi Kenchi

Mbena, mti wa miaka kumi na mbili mbao yake ni laini, kenchi inapinda. Sao Hill, shamba la miti la serikali, msindano ulikuwa unasubiri miaka kama 25. Ninyi mnakata ukiwa kijana halafu mnataka bei ya mzee.

#5 Mbena wa Tegeta

Ada ya chuo haisubiri miaka 25, fundi wangu.

#6 Mwl. Mstaafu (Mbagala)

Nimefundisha kilimo Kilimanjaro na baadaye Morogoro. Naheshimu wanaosema akiba, lakini mleta mada hakuuliza kuhusu shamba la misindano. Ameuliza kuhusu kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, na hivi ni vitu viwili tofauti. Njombe mtu anatenga eka nzima ya miti peke yake. Marangu mti unakaa juu ya mgomba, mgomba juu ya kahawa, kahawa juu ya magimbi. Ni ghorofa. Ukiondoa ghorofa ya juu, za chini zinaungua.

Mfuruanje kivuli chake ni chepesi, jua linapenya, majani yanaoza haraka, na ni jamii ya mikunde, kwa hiyo mizizi inaongeza naitrojeni. Kwenye mteremko ule, tone la mvua la masika likipiga udongo mtupu, unaondoka nao hadi tambarare. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huu pale Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Jambo jingine. Huenda ile mifuruanje mitatu hakuna aliyeipanda. Wazee walipofyeka msitu waliacha miti waliyoitaka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kwa nini wanapanda, tuulize ipi ilipandwa na ipi iliachwa.

#7 Bwana Shamba 77

Mwalimu kamaliza. Nyongeza: ndiyo maana hata mgrivea ulienezwa, unarutubisha udongo kwa naitrojeni, na Wajerumani waliuleta kutoka kwao.

#8 Mwl. Mstaafu

Bwana Shamba, hapo mawili si sahihi. Mgrivea si jamii ya mikunde, hauongezi naitrojeni kama mfuruanje. Faida yake ni majani mengi yanayodondoka na kuwa mboji, na kwamba ukiupogoa hausumbui sana mazao ya chini. Na kwao si Ujerumani, ni mashariki ya Australia. Ulienea Afrika Mashariki kama kivuli cha kahawa na chai.

#9 Bwana Shamba 77

Shikamoo Mwalimu, nimepokea. La Australia sikulijua.

#10 Mwl. Mstaafu

Marahaba.

#11 Binti Shambalai (Temeke)

Nimesoma akiba, nimesoma kivuli. Naomba nieleze la mama yangu, maana naona wote mnaongea kama vile kila mtu ana ruhusa ya kupanda.

Sisi ni wa Lushoto. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Shamba lilikuwa kwenye bonde, zuri, na mama aliendelea kulima mahindi, maharage na kabichi, hakuna aliyemgusa. Mwaka wa pili akanunua miche ishirini ya mgrivea na minne ya peasi, akapanda kwenye mpaka. Wiki haikuisha. Tulikuta asubuhi yote imeng'olewa, imepangwa njiani kama kuni. Baba mdogo hakujificha. Alikuja akasema, "Kulima lima, shemeji. Kupanda miti ni kusema shamba ni lako."

Kabichi inakaa miezi mitatu. Mti unakaa miaka thelathini, na aliyeupanda anaonekana kila anayepita. Baba mdogo alilijua hilo kuliko sisi. Kesi ilienda baraza la kata, ikachukua karibu miaka miwili. Siku mama aliposhinda hakufanya sherehe, alienda kununua miche upya. Leo ile migrivea ukiikumbatia mikono haikutani. Hajauza hata mmoja na hapungukiwi shida.

Kwa hiyo Fundi, kwa mama yangu mti si akiba. Ni hati.

#12 Mjukuu wa Kihamba

Dada, hii imenigusa. Shangazi naye alirudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, babu akampa kipande hicho. Sijawahi kufikiria mpaka ule wa migrivea kwa namna hiyo.

#13 Mzaramo Halisi (Mkuranga)

Binti Shambalai kasema kitu ambacho sisi wa pwani tunakijua tangu zamani, ingawa hatuna mlima. Huku mti na ardhi vilikuwa vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Shamba la fulani, minazi ya fulani. Mtu aliweka rehani minazi, ardhi haiguswi. Na mgeni akiomba sehemu ya kulima anapewa alime muhogo, lakini anaambiwa waziwazi: usipande mnazi, usipande mkorosho, usipande mwembe. Akipanda, wajukuu zake watadai.

Na hata leo, tathmini ya fidia ikija, miti inahesabiwa pamoja na nyumba. Muhogo unavuna unaondoka nao. Nimeona Kigamboni watu wakichimba mashimo ya minazi usiku baada ya kusikia wapima wanakuja.

#14 Kijana wa Posta

Wakuu, mnawapa wakulima sababu nzuri mno. Miti mingi milimani ilipandwa kwa sababu mradi ulikuja. Watu wakapewa miche bure, posho ya semina, wakapanda. Mradi ukaondoka, mbuzi wakala. Nimefanya kazi kwenye shughuli hizo, nimeona vitalu vilivyojaa miche iliyokauka ndani ya viriba, ripoti inasema imepandwa.

#15 Mmatombo

Kijana, mbuzi wamekula kweli, ila hapo umetaja mradi uliofeli tu. Mimi ni Mluguru. Wakoloni walikuja na mpango wao wa kuhifadhi ardhi Uluguru, wakalazimisha watu kuchimba matuta mlimani. Mwaka 1955 watu waligoma, ikawa vurugu, na mpango ukafa. Babu alikuwa miongoni mwa waliogoma. Babu huyo huyo, bila kulazimishwa na mtu, alipanda karafuu, mifenesi na midalasini kwenye mteremko uleule, na karafuu zake tunachuma hadi leo.

Alikuwa anasema tuta ukichimba mwaka huu, mwakani unachimba tena, na huli tuta. Kwa hiyo si kwamba watu wa mlimani hawakutaka kuhifadhi udongo. Walikataa kazi isiyolisha.

#16 Kijana wa Posta

Sawa Mmatombo, la karafuu nakubali. Lakini karafuu ni zao. Mleta mada anauliza miti ya mbao na kivuli.

#17 Mmatombo

Na nani kakuambia mkulima anatenganisha? Kwetu mfenesi ni chakula, ni kivuli, ukizeeka ni mbao, na ng'ombe anakula maganda. Mgawanyo huo ni wa ofisini.

#18 Mama Kiboriloni (Ubungo)

Jamani mbona hamtaji kuni? Wote wanaume hapa nini.

Nimekulia Old Moshi. Sisi wasichana tulipanda juu msituni Jumamosi, tunashuka na mzigo kichwani. Kuzunguka msitu wa Kilimanjaro kulikuwa na ule ukanda wa nusu maili, uliotengwa tangu 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa kwenye hifadhi ya taifa, masharti yakawa makali. Mama yangu alirudishwa njiani na panga lake likachukuliwa. Mwaka huohuo alipanda migrivea kwenye mfongo wote, na akaacha kuwacheka majirani waliopanda mapema.

Gesi ipo, lakini uji wa msiba wa watu mia mbili hupiki kwa mtungi. Maharage hupiki kwa mtungi. Mgrivea unapogoa matawi kila mwaka, kuni unapata, na shina linaendelea kunenepa kwa ajili ya Fundi Kenchi. Mkikata nusu kama anavyotaka mleta mada, ni mwanamke atakayetembea. Si yeye aliyeko Kimara.

#19 Mjukuu wa Kihamba

Mama, nimekoma.

#20 Mwembu wa Mikocheni

Habari zenu, mimi nimetoka Embu, Kenya, naishi hapa Dar mwaka wa saba. Mama Kiboriloni ameongea kama mama yangu. Kwetu mgrivea uko kila mpaka, ukipita kwa gari unaona mistari tu. Serikali yetu iliweka kanuni mwaka 2009 kwamba kila shamba liwe na miti asilimia 10, lakini migrivea ya Embu ilikuwa mirefu zamani kabla ya kanuni hiyo.

Naongeza malisho. Tunapanda kaliandra kwenye kingo za matuta, tunakata majani tunampa ng'ombe wa maziwa. Wataalamu walitufundisha miche kama 500 inamtosha ng'ombe mmoja kwa mwaka kama nyongeza ya majani ya kawaida. Haichukui shamba, inakaa ukingoni tu, na mizizi inashika udongo. Shangazi ana ng'ombe wawili. Hebu mleta mada atuambie wanakula nini kiangazi?

#21 Mjukuu wa Kihamba

Majani ya migomba, na kweli nilimuona akikata matawi ya mti fulani mwembamba kando ya banda. Nilidhani anasafisha.

#22 Mbena wa Tegeta

Naomba nirudi na kitu ambacho hakijasemwa, na kinatuhusu sisi tulioko humu. Nguvu kazi. Baba alipokuwa na watoto sita nyumbani alilima viazi na ngano. Tulipoondoka wote, wawili Dar, mmoja Mbeya, wengine Makambako, alibaki na mama. Viazi vinataka mikono wiki hadi wiki. Msindano unataka palizi miaka miwili mitatu ya mwanzo na njia ya moto kila kiangazi, basi.

Alipanda miti kwa sababu sisi hatupo. Angekuwa na vijana wa kulima, sehemu ya shamba lile ingekuwa viazi mpaka leo. Watu wakiona kijani wanasema tumeamka kimazingira. Mimi nikiiona miti ile naona vitanda vitupu.

Na tahadhari kwa wakazi wa Dar wanaonunua mashamba ya miti Njombe na Mufindi bila kwenda kuangalia. Mwaka juzi mwezi wa kumi moto ulianzia kwa jirani aliyekuwa anaandaa shamba, ukapita eka nne zetu jioni moja. Miti ilikuwa na miaka saba. Nilipigiwa simu nikiwa kwenye foleni ya Mwenge. Baba alikuwa anaongea taratibu kabisa, kama anatoa taarifa ya mgonjwa.

#23 Fundi Kenchi

Pole sana Mbena. Hiyo sikuijua.

#24 Mzaramo Halisi

Pole ndugu. Hapo sasa akiba ya #2 imeungua.

#25 Fundi Kenchi

Ni kweli, na siikatai. Ila benki ya mkulima yoyote ina hatari yake. Ng'ombe anakufa, mahindi yanaliwa na wadudu.

#26 Bwana Shamba 77

Nauliza kuhusu mikaratusi, maana tumesahau. Kwetu wazee wanasema inakunywa maji, chemchemi imekauka. Lakini kila mtu bado anapanda. Kwa nini?

#27 Mwl. Mstaafu

Wazee hawakosei sana. Mkaratusi unakua haraka, na kitu kinachokua haraka kinatumia maji mengi. Ukiuweka bondeni karibu na chemchemi unaweza kuua chemchemi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoharibu ndani ya meta 60 za chanzo cha maji, lakini kwa nguvu za kisheria peke yake bonde halilindwi. Ukiuweka kwenye jiwe juu ya kilima ambako mahindi hayaoti, sina ugomvi nao. Unapandwa kwa sababu ukikatwa unachipua tena kutoka kwenye kisiki. Mche mmoja, mavuno matatu manne.

#28 Fundi Kenchi

Na mirunda yote inayoshikilia zege la maghorofa ya Dar inatoka huko. Kariakoo inavyojengwa, kuna mlima fulani unanyolewa.

#29 Mama Kiboriloni

Tena nyie mnaosifia biashara, semeni na vibali. Mwaka jana nilitaka kukata migrivea miwili ya kwetu, tuliyoipanda wenyewe, niezeke jikoni. Nimezungushwa ofisi moja hadi nyingine wiki tatu, kila meza ina fomu yake. Jirani yangu kaona hayo, kasema hapandi tena, atabaki na migomba. Kama tunataka watu wapande, wasiogope kuvuna.

#30 Kijana wa Posta

Hilo la #29 nalikubali bila ubishi. Lakini upande wa pili, bila kibali jirani anaamka anakuta mti wake umeshapasuliwa mbao. Utatofautishaje mti wa shambani na wa hifadhi ukiwa tayari juu ya lori?

#31 Mama Kiboriloni

Mgrivea hauko msituni mwanangu. Anayetoa kibali anaujua hata akiwa amefumba macho.

#32 Mmatombo

Mwalimu, nina swali. Kama sababu ni kivuli cha kahawa, mbona bei ya kahawa ilipoanguka baada ya 1989 watu wa Kilimanjaro hawakukata miti? Wengi waliitelekeza kahawa, lakini miti mingi ilibaki.

#33 Mwl. Mstaafu

Swali zuri na limenikaa tangu asubuhi. Nadhani mti uliingia kwa sababu moja ukabaki kwa sababu nyingine. Uliwekwa kivuli, kahawa ikaanguka, mwenyewe akatazama juu akaona mbao. Lakini wewe ukiniambia kwamba walibaki nao kwa ajili ya kuni, au kwa ajili ya mpaka, sina cha kukukatalia. Nimekaa huko miaka kumi na tisa na sikuwahi kumsikia mkulima akitaja sababu moja.

#34 Binti Shambalai

Mwalimu, utamuuliza nani? Ukimuuliza mwanaume anakwambia mbao. Ukimuuliza mkewe anakwambia kuni. Mti ni uleule.

#35 Mzaramo Halisi

Na ukimuuliza shemeji yake anakwambia ung'olewe.

#36 Bwana Shamba 77

Wachaga mmesahau masale. Mpaka wa kweli wa kihamba ni masale, na ukimkosea mtu unampelekea jani la sale kuomba radhi. Mgrivea umekuja juzi.

#37 Mama Kiboriloni

Kweli kabisa, ila masale si mti, na huwezi kuchemshia uji.

#38 Mjukuu wa Kihamba

Wakuu, asanteni. Nimempigia shangazi jana usiku, nikamwambia simwambii tena habari za msumeno. Nikamwomba anitembeze kwa simu, mti kwa mti. Tumeongea hadi vocha ikaisha, nikaweka nyingine.

Ipo 61. Aliyopanda yeye ni 34, na yote 22 ya mpakani imo humo, aliipanda mwaka ule aliorudi, kabla hata ya kuezeka nyumba. Binti Shambalai, ulikuwa sahihi, ingawa yeye hakusema hati. Alisema, "Nilitaka wajue nimefika." Mingine ni ya babu. Mifuruanje mitatu alivyoikuta yeye ndivyo babu alivyoikuta. Mgrivea mmoja kaniambia ni wa jeneza lake, nisiuguse wala nisiuulizie bei. Msesewe ni wa kutia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Ule mwembamba wa bandani ni kaliandra, dada wa Embu. Miwili ya nyuma, kama mvua zikikataa, ndiyo atampigia fundi.

Anataka niende mwezi wa tatu kabla masika hayajakolea, mfuruanje mmoja umeanza kuoza shinani na anataka kupanda wa kuurithi. Mche keshauotesha mwenyewe. Mwalimu, shimo nichimbe la ukubwa gani?

#39 Mwl. Mstaafu

Futi moja na nusu kila upande inatosha. Udongo wa juu uweke kushoto, wa chini kulia, usivichanganye. Ukirudishia, anza na ule wa juu pamoja na samadi iliyooza. Usipande pale pale kwenye kisiki kinachooza, sogea hatua tano au sita upande wa juu wa mteremko. Na weka uzio, ana ng'ombe.

#40 Mjukuu wa Kihamba

Sawa Mwalimu. Wa juu kushoto.